Nywele za Wanjiru kichwani mwa Zuhura

Juzi nilipanda ngazi hadi studio moja ya vijana pale Ngara kupiga picha ya kadi ya kliniki. Kijana wa kamera alinipiga mara moja, akagusa skrini kwa kidole mara mbili tatu, akanikabidhi picha. Nikamtazama mtu aliyekuwa mle ndani. Hakuwa na makunyanzi. Hakuwa na lile doa jeusi chini ya jicho ambalo nimelibeba tangu nikiwa shule ya msingi.

"Nimekutoa fiti, mzee wangu," akaniambia. "Hapo hata mchumba unapata."

Nilicheka, nikalipa, nikashuka. Njiani nikajua kwamba kuna jambo nilipaswa kumwambia, yeye na nyinyi wote mnaoshika kamera siku hizi, na kwamba nimenyamaza kwa sababu ningelazimika kujitaja. Basi ninajitaja hapa.

Mimi nilikuwa mpiga picha wa pasipoti. Si wa harusi, si wa magazeti. Kwa miaka zaidi ya thelathini, kwanza Ngara, halafu ghorofa ya pili ya jengo moja River Road, niliwaambia watu wa Nairobi wasicheke. Mkikutana na mtu mzima ambaye kwenye kitambulisho chake anaonekana kama anasubiri kusomewa hukumu, huenda ni kazi yangu.

Msidhani kazi hii ni rahisi. Shuka nyeupe mtu yeyote anaweza kutundika, lakini ukimkalisha mteja karibu nayo, kivuli cha kichwa kinabaki nyuma yake kama mtu wa pili. Kiti kisogezwe mbele hatua mbili, kivuli kianguke sakafuni. Kiti chenyewe kisiwe na mgongo, maana mtu akiegemea, shingo inapotea. Paji la uso linalong'aa lipakwe poda ya mtoto, kidogo tu, kwa sifongo. Na mwanga upimwe usoni. Hapo ndipo wengi wanakosea: wanapima kwenye shuka, na mtu mweusi anatoka kama kaa la jikoni lenye macho.

"Pima uso," aliyenifundisha alikuwa akisema. "Shuka haisafiri."

Huyo alikuwa Rashid Wesonga, Mwislamu wa kutoka Mumias, mtu mfupi mwenye vidole virefu, ambaye nilimwita Mwalimu mpaka siku nilipomzika. Nilimkuta Ngara nikiwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, ninajiona msomi. Alinipa ufagio. Mwezi wa tatu akanipa penseli.

Zamani, vijana, picha ilirekebishwa kwa penseli juu ya filamu yenyewe, chini ya kioo cha kukuzia, kwa mkono usiotetemeka. Nilikuwa na mkono huo. Siku moja akaja sajini mstaafu wa polisi mwenye kovu la panga kutoka sikioni hadi kidevuni. Mwalimu alimpiga picha, akaenda sokoni, akaniachia filamu. Nikamhurumia yule mzee. Nikachukua penseli na kulifuta kovu lote, taratibu, mpaka shavu likawa kama la mtoto. Nilingoja shukrani.

Sajini aliishika picha kwa mbali, kisha kwa karibu. "Huyu ni ndugu yangu?" akauliza. "Ndugu yangu alikufa. Picha yake mmeitoa wapi?"

Mwalimu aliomba msamaha, akampiga upya bila malipo. Mzee alipoondoka, hakunigombeza. Alinionyesha ile filamu kwenye mwanga wa dirisha. "Vumbi lililoingia kwenye kamera ni letu, tunaliondoa. Kovu ni la mwenyewe. Humpi mtu uso wa kuanzia maisha upya, Njoroge. Unampa ule aliokuja nao."

Nilielewa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilielewa.

Mwalimu na mimi tulikaa pamoja miaka mingi kwa utani. Ijumaa tulifunga mchana aende msikitini, Jumapili tulifunga niende kanisani. Mteja mmoja alisema studio yetu ina likizo nyingi kuliko shule ya msingi. Aliswali kwenye chumba cha giza, kati ya makarai ya dawa za kusafishia filamu, na mimi nilisimama mlangoni mtu asifungue. Ramadhani nilipotoka nje kula chapati yangu kwenye ngazi, aliniita: "Rudi ndani, bwana. Harufu haivunji saumu. Unanifanya nionekane mkali."

Na kila Krismasi alikuja kwangu Riruta na kisu chake kimefungwa kwenye gazeti. Nyumba nyingi za Wakristo kwetu zilikuwa na desturi hiyo: mbuzi akichinjwa na Mwislamu, jirani yeyote anaweza kukaa na kula. Mama yangu, mwanamke wa kanisa kwelikweli, hakuruhusu mtu mwingine amguse mbuzi. "Wesonga amefika?" angeuliza. "Basi washeni moto."

Alikuja na binti yake Zuhura, ambaye alizaliwa mwaka mmoja na wangu, Wanjiru. Wasichana hao wawili walikua wakigombania maini. Zuhura alikuwa mdogo wa umbo, kwa hiyo nilimweka mabegani akaona mbuzi akigawanywa, na alinishika masikio kama usukani. Mniwekee hilo akilini.

Sasa nije kwenye habari ya Marekani.

Baada ya yale mashambulizi ya 2001, nilianza kupata wateja wa visa wenye videvu vyenye rangi mbili. Walikuwa wanaume Waislamu walionyoa ndevu asubuhi hiyohiyo, na pale zilipokuwa, ngozi ilikuwa nyepesi zaidi. Nilichukua sifongo na poda nikauficha mpaka wa rangi hizo. Mmoja aliniambia, "Afadhali ndevu zibaki Nairobi, mimi niende." Tukacheka. Baada ya muda nikaanza kushauri bila kuulizwa: kofia hiyo iondoe, hiyo shanga ya mkononi iweke mfukoni. Niliita hiyo huduma kwa mteja. Hakuna Mmarekani aliyeniambia nifanye hivyo. Nilisikia habari, nikajaza zilizobaki mwenyewe.

Wakati huo Mwalimu alikuwa ameshaniachia studio. Macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, na mpiga picha anayeona ukungu hawezi kufanya kazi. Alipanga chumba Riruta, si mbali na kwangu, na alikuja mjini kunisalimia na kulaumu kompyuta yangu.

Mwaka wa 2008 televisheni ya studio haikuzimwa. Mnakumbuka, au mmeambiwa, jinsi nchi nzima ilivyofuata uchaguzi wa Marekani kwa sababu ya yule mgombea ambaye baba yake alitoka kwetu. Wateja waliosubiri picha hawakuondoka hata wakipewa. Na kila siku lilikuja jambo lilelile: wapinzani wake wakinong'ona kwamba ni Mwislamu wa siri. Jina lake la katikati, la Kiislamu, lilitajwa majukwaani kama mtu anavyofunua kidonda cha mwenzake. Na waliompenda wakakimbilia kujibu: hapana, hapana, ni Mkristo, kanisa lake hili hapa. Waliapa. Walikasirika kuulizwa.

Mchana mmoja Mwalimu alikuwa amekaa kwenye benchi, uso umeelekea sauti. Zuhura alikuwa naye. Alikuwa muuguzi kwenye kliniki moja ya Kawangware, na alitaka nimwingize kwenye ile bahati nasibu ya kuhamia Marekani, aende akasome uuguzi zaidi. Mimi ndiye niliyewajazia watu fomu hizo kwenye kompyuta, picha na yote.

"Njoroge," Mwalimu akasema, "nimesikia watu wakikana mke. Nimesikia wakikana mtoto. Hawa wanamkana nani?"

"Ni siasa tu, Mwalimu."

"Wananikana mimi. Wanaomshangilia huku Kisumu, huku Mumias, na kule kwao ambako hata hawanijui."

"Wacha hizo, Baba," Zuhura akasema. "Wakubwa wakigombana wewe unaingia wapi? Baba Wanjiru, piga picha nirudi kazini. Na usiseme nisicheke, sina sababu ya kucheka."

Nilimpiga vizuri. Hijabu yake ilikuwa ya samawati, imebanwa na pini ndogo ya maua kando ya shavu. Uso wote ulionekana, kutoka paji hadi kidevu. Ukutani, juu ya kompyuta, nilikuwa nimebandika mwenyewe masharti ya picha za Marekani. Yalisema wazi kwamba kitambaa cha dini kinakubaliwa, mradi uso usifichwe. Niliyajua kwa moyo.

Walipoondoka nilikaa mbele ya ile picha. Televisheni ilikuwa bado inaapa. Nikajiambia: ikiwa mtu mkubwa kama yule, mwenye walinzi na mawakili, anakimbia neno hili, muuguzi wa Kawangware ataponaje? Watamwona kitambaa, watamtupa kabla hawajasoma jina. Nilimwona akilini amerudi kwangu na uso umeanguka. Nilimpenda mtoto yule. Nataka mwelewe kwamba nilifanya kwa mapenzi, na mapenzi hayo hayakunisaidia kitu.

Nilikuwa na picha ya Wanjiru kwenye kompyuta, amekaa kwenye kiti kilekile, mwanga uleule, nywele amezirudisha nyuma. Nikazikata nywele zake kwa kipanya, uzi kwa uzi. Nikaziweka kichwani mwa Zuhura. Nikamtengenezea masikio, maana ya kwake yalikuwa ndani ya kitambaa. Hayo pia ni ya Wanjiru. Nikaweka kivuli chini ya sikio, nikalainisha shingo. Kazi ilinichukua kutoka chakula cha mchana hadi watu wa ghorofani walipoanza kufunga maduka. Nilipomaliza niliegemea nyuma, na nitawaambia ukweli, nilijivunia. Penseli yangu haikuwahi kufanya kitu kama kile.

Nikaituma. Zuhura nilimpa karatasi yenye namba ya fomu tu. Mwalimu, ambaye zamani angeishika picha kila pembe kabla haijatoka mlangoni, hakuwa tena na macho ya kuikagua.

Yule mgombea alishinda, serikali yetu ikatupa siku ya mapumziko, na mimi nikashangilia barabarani na wenzangu. Hata siku hiyo sikukumbuka.

Mwaka uliofuata ikaja barua. Zuhura alikuwa ameshinda. Alikuja nayo Riruta akikimbia na viatu vya kazi, Wanjiru akapiga vigelegele, na ingawa haikuwa Krismasi, Mwalimu alituma mtu amletee kisu. "Mabegani kwako aliona mbali," akaniambia, mikono yote miwili imeshika wangu. Kliniki walimfanyia sherehe ya kumuaga, akaacha kazi, nafasi yake akapewa mwingine. Alipohitaji picha mpya za karatasi kwa ajili ya mahojiano, nilimpiga na hijabu yake, sikuzigusa, kwa kuwa hizo angezishika mkononi. Nikajiambia hakuna atakayezilinganisha na ile ya kwanza. Mimi, niliyekula maisha yangu yote kwa picha ambazo kazi yake moja tu ni kulinganishwa.

Siku ya mahojiano alikuja River Road moja kwa moja kutoka ubalozini. Nilikuwa na mteja kitini. Zuhura alisimama karibu na shuka mpaka mteja akaondoka.

"Baba Wanjiru, yule ni nani?"

"Nani, mwanangu?"

"Yule mwanamke wa kwenye kompyuta yao. Afisa amenigeuzia skrini akaniuliza, huyu ni wewe? Nikaona macho yangu. Mdomo wangu. Na kichwa cha mtu." Sauti yake haikupanda. "Ameniuliza kwa nini picha imetengenezwa. Nimemwambia sijui. Amesema picha ya kutengenezwa haikubaliwi, basi, imekwisha. Halafu unajua alisema nini? Alisema kitambaa hakingekuwa na shida. Ameniuliza, kwa nini ulikivua?"

Nilitafuta kiti, nikakosa, nikakaa kwenye kile cha wateja.

"Nilidhani watakukataa. Vile walikuwa wanasema kwa televisheni..."

"Nywele ni za nani?"

"Za Wanjiru."

Alicheka kidogo, kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. "Wale wa televisheni sijawahi kukutana nao. Waseme watakavyo. Wewe umenibeba mabegani. Umekaa hapa ukanivua nguo ya kichwa, bila kuniuliza, ukanipeleka hivyo kwa watu nisiowajua. Wao walisema tu, Baba Wanjiru. Wewe ndiye umefanya."

Aliondoka. Masharti yalikuwa bado ukutani, juu ya kichwa changu.

Nilifunga studio, nikaenda Riruta kwa Mwalimu kabla sijapoteza ujasiri. Nilikuwa nimeichapisha ile picha. Alikuwa ameshasikia kutoka kwa Zuhura kwamba mambo yameharibika, lakini si namna gani. Nilimweleza yote, nimesimama. Akanyoosha mkono.

"Lete."

Akaisogeza dirishani, akaileta hadi puani kama anainusa, akaigeuza polepole kwenye mwanga.

"Kivuli cha sikio umekiweka mahali pake," akasema mwishowe. "Shingo pia. Kazi safi." Akairudisha. "Nilikufundisha vizuri sana."

Sijawahi kutukanwa vile.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Unakumbuka niliuliza wanamkana nani? Ukasema ni siasa." Alikuwa akipangusa vidole kwenye kanzu, ingawa picha ilikuwa kavu. "Mimi nitakusamehe kabla ya Krismasi, maana maini nayapenda. Lakini mimi si wa kuombwa. Kichwa ni cha Zuhura. Nenda kwake, na usiende na mbuzi."

Nilienda. Alinipa chai, akasikiliza, akasema amesikia. Krismasi hiyo Mwalimu alikuja na kisu chake bila Zuhura, akimwelekeza mpwa wake kwa sauti mahali pa kushika, na sufuria ya maini ilirudi jikoni nusu. Wanjiru hakunisemesha wiki nzima. "Ungeniuliza hata mimi," aliniambia baadaye. "Nywele ni zangu." Hilo nalo sikuwa nimelifikiria.

Zuhura alikaa bila kazi miezi mingi. Bahati nasibu alijaribu tena, kwa mpiga picha mwingine, hakushinda. Hiyo ndiyo hesabu yenyewe: nafasi aliyoipata kwa haki niliichukua kwa mkono wangu, na hakuna kitu nilichofanya baadaye kilichoirudisha. Nisingependa mtu anifariji hapo.

Ikawa asubuhi moja, mvua imetulia, nikasikia viatu vya muuguzi kwenye ngazi. Alikuwa amepata kazi katika hospitali moja upande wa Dagoretti na walitaka picha ya beji. River Road na Riruta zina wapiga picha wengi. Sikumuuliza kwa nini amekuja kwangu. Nilisogeza kiti hatua mbili, nikapima mwanga usoni mwake.

"Usi..." nikaanza.

"Najua. Nisicheke."

Nikampiga. Nilipoitazama picha nikaona ile pini ya maua imekaa upande. Mkono ukataka kwenda kwenye kipanya, kwa mazoea tu. Nikauzuia.

"Pini imeenda kando," nikasema. "Nikupige tena?"

"Nionyeshe kwanza."

Skrini yangu ilikuwa imefungiwa ukutani, ikitazama upande wangu tu, tangu siku niliyoinunua. Nilichukua bisibisi, nikafungua skrubu mbili, nikaigeuza. Zuhura aliinama, akajitazama kwa makini, kutoka juu hadi chini, kama baba yake alivyokuwa akizitazama picha za watu.

"Huyo ni mimi," akasema. "Iache hivyo."

Niliiacha. Na skrini sikuirudisha. Mpaka nilipostaafu, kila aliyeketi kwenye kiti changu alijitazama kabla sijagusa kitufe chochote, na wengine walinung'unika kwamba nawachelewesha. Yule kijana wa Ngara, kama unasoma: nimerudi kuchukua doa langu. Nipige upya.